Bi Mfuko, Miaka Thelathini na Miwili Mlangoni pa Kliniki ya Moyo

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi wetu wa mapokezi atavua sare ya kliniki ya moyo kwa mara ya mwisho, baada ya kutumikia miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hii si yangu. Ameipiga mwenyewe, na alipoona ofisi ya utumishi imeandika "miaka thelathini na miwili" mikavu, alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili kudai miezi yake minne na siku zake kumi na moja. Amerudishiwa zote.

Kamati ya jarida imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu chumba changu kimepakana na meza yake kwa miaka kumi na tisa, na kati yetu pana ukuta wa mbao usiozuia hata chafya. Mimi ndiye ninayepima umeme wa moyo. Wagonjwa huniita Fundi Waya. Kamati imesema niandike mambo ya heshima. Nitajitahidi, ila mhusika mwenyewe hajanirahisishia kazi.

Alianzia wodi ya wanaume kwa wiki chache, kisha akahamishiwa kliniki ya moyo enzi ikiwa vyumba viwili, korido moja na mashine moja iliyohitaji kupigwa kofi la ubavuni ndipo iamke. Kazi yake ilikuwa kuita wagonjwa, kupima presha na uzito, na kupanga tarehe. Hakuna aliyemtuma kuuliza maswali. Lakini mwezi wa kwanza haukuisha kabla hajagundua jambo lililomkera mpaka chai ikamshinda kunywa: mtu anasubiri miezi mitatu amwone daktari bingwa, halafu siku ikifika anaingia mikono mitupu.

"Unatumia dawa gani?" daktari anauliza.

"Kile kidonge cheupe."

"Cheupe kipi?"

"Cha duara."

Hapo daktari anaweka kalamu chini na kutazama dari, kwa maana kabati zima la dawa limejaa vyeupe vya duara.

Basi yule muuguzi akaanza kumwambia kila anayechukua tarehe: "Siku ya kuja, chukua mfuko. Kila unachomeza tia humo. Cha daktari, cha dukani, cha jirani, cha chupa, cha mizizi. Na kila kimoja kiwe kwenye paketi yake, usiniletee vidonge vimechanganyika kama njugu." Wagonjwa wakambatiza Bi Mfuko, na jina likamkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo chake. Hata mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache, humwita hivyo anapotaka kugombana naye.

Mifuko hiyo imetupa elimu ambayo chuoni hatukuipata. Tumekuta dawa ya minyoo ya mbwa. Tumekuta kifungo cha shati ambacho babu mmoja alikuwa akikihesabu kila jioni miongoni mwa vidonge vyake, akishangaa kwa nini hakipungui. Bibi mmoja alikuja na dawa za marehemu dada yake, anazimeza kwa mpangilio ule ule, asubuhi na jioni. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwa upole kabisa, "Zilibaki nyingi, nikaona zisiharibike." Bi Mfuko hakucheka mbele yake. Alikuja kucheka chumbani kwangu, amejifunika uso kwa kitambaa cha kupimia presha, na mgonjwa niliyekuwa nikimpima akaanza kucheka naye, karatasi ya mashine ikatoka imechorwa milima na mabonde.

Baadaye aliandika karatasi ya nusu ukurasa, kwa mkono, akawa anampa kila mtu pamoja na tarehe yake. Nimeisoma mara nyingi kuliko mkataba wangu wa kazi. Kuna mstari aliouandika kwa ajili yangu, kwani watu walikuwa wakija wamejipaka mafuta kifuani mpaka wanang'aa kama sufuria mpya, eti kwa heshima ya daktari, na vibandiko vyangu vinateleza kimoja baada ya kingine. Akaandika: "Kifua kije kikavu. Daktari hatakuoa." Mwingine ulisema mtu avae nguo ya vipande viwili. Huo ulizaliwa siku alipokuja mama mmoja na gauni lenye vifungo ishirini na viwili mgongoni. Bi Mfuko alivifungua vyote na kuvifunga vyote, na cha mwisho kilipofungwa tukagundua nimesahau kuondoa waya mmoja ndani.

Kwa wenye kipimo cha kutembea kwenye mashine aliandika waje na viatu vya raba, wasile sana wala wasinywe kahawa kabla ya kipimo. Kwa wenye presha aliandika wameze dawa kama kawaida yao, labda daktari awe amewaambia vingine, maana alishawajua: nusu huacha dawa siku ya kliniki ili daktari auone ugonjwa "ulivyo hasa", na nusu humeza mara mbili ili wasigombezwe. Aliandika pia mtu aulize nyumbani nani katika ukoo alikufa ghafla na akiwa na umri gani, aje na vipimo vya zamani, na maswali yake ayaandike, kwa sababu yote husahaulika daktari anapovaa miwani. Na chini kidogo, mstari ninaoupenda kuliko yote: "Ukiulizwa habari za chumvi, usitie chumvi."

Utawala mmoja uliopita uliona lugha hiyo haina adabu ya kitaasisi. Ukachapisha kijitabu cha kurasa kumi na mbili, chenye picha ya moyo wa rangi na dibaji. Wagonjwa walikipokea kwa mikono miwili na wakakitumia kujipepea. Bi Mfuko aliendelea kutoa nusu ukurasa wake, ameuchomeka ndani ya kijitabu kama barua ya mapenzi.

Lakini nisije nikamfanya aonekane mchekeshaji. Kuna mtu yuko hai kwa sababu ya utundu wake, na mtu huyo mwenyewe ameniruhusu niseme.

Ni miaka kumi na moja sasa. Alikuja dereva wa malori, pande la mtu, miaka hamsini na tatu, akiwa na mkewe. Kifua kilikuwa kikimbana kila anapopanda kwenye kichwa cha lori. Mkewe alibeba mfuko safi, dawa za presha zimepangwa kama vitabu. Bi Mfuko akauliza kama kuna kingine chochote anachotumia. Dereva akasema hapana. Cha dukani? Hapana. Cha rafiki? Hapana. Mkewe alikuwa akitazama ukutani. Na kila mkewe alipomsogelea, dereva aliugusa mfuko wa shati.

Bi Mfuko akaichukua kadi ya mgonjwa, akaigeuzageuza, akasema, "Dada yangu, hii imekosa muhuri. Nisaidie, ipeleke dirisha namba sita."

Jengo letu lina madirisha matano. Nilisimama upande wa pili wa ukuta, waya mkononi, jicho kwenye ufa wa mbao.

Mkewe alipokata kona, Bi Mfuko aliinama juu ya meza. "Shemeji, mkeo yuko safarini na hatarudi karibuni. Toa kilicho kwenye shati."

"Hakuna kitu."

"Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza lini."

 Nikasikia sauti nzito ya mwanamume mzima ikiwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja sahani. "Jana usiku."

Vilikuwa vidonge vya nguvu za kiume, vya kununuliwa kituo cha malori, bila paketi, vimefungwa kwenye karatasi ya sigara. Bi Mfuko hakumhubiria. Alinyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa daktari na vile vidonge kiganjani. Daktari alikuwa ameshaanza kufikiria kumpa dereva dawa ya kuweka chini ya ulimi, inayofungua mishipa kifua kinapobana. Ni dawa nzuri. Ikikutana na hivyo vingine mwilini, presha inaweza kuporomoka ghafla, mtu akaanguka na asiamke. Dereva yule angeiweka chini ya ulimi huko njiani, peke yake, mikono kwenye usukani, na tani thelathini nyuma yake.

Alitibiwa kwa njia nyingine, akaelezwa wazi nini kisikutane na nini, na kwamba hata hilo la shati lina daktari wake na tiba yake, halina haja ya kituo cha malori.

Mkewe akarudi anatweta. "Nimezunguka jengo lote. Dirisha namba sita halipo."

"Halipo?" Bi Mfuko akashangaa kwa macho makavu. "Basi watakuwa wamelihamisha."

Yule mama akamtazama Bi Mfuko, akamtazama mumewe aliyekuwa ameinamia viatu vyake, akakaa. "Amesema?"

"Amesema."

"Afadhali. Mimi nimejua tangu mwaka jana. Nilikuwa nangoja nione nani atamtoa nyoka pangoni."

Tangu wiki ile, kila mgonjwa wa kliniki yetu hupewa dakika chache za kuongea na muuguzi peke yake, hata awe amekuja na ukoo mzima. Wakubwa waliokuja kututembelea waliusifu utaratibu huo na kuuliza umetokana na utafiti gani. Daktari wetu alijibu bila kupepesa, "Utafiti wa dirisha namba sita." Waliandika.

Sasa nifike mahali ambapo mhusika aliniomba nisifike.

Miaka sita iliyopita, Jumanne, kliniki imefurika, niliona Bi Mfuko ameketi. Kwa anayemfahamu, hiyo peke yake ni dalili. Kiti chake huwa ni cha kuwekea mafaili. Nilitoka nikamuuliza vipi. Akasema gesi. Nikaona jasho juu ya mdomo wake, na mkono wa kushoto ameulaza mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Imeanza lini hiyo gesi?"

"Fundi Waya, rudi kwenye waya zako."

"Nakuuliza lini."

Alinitazama kwa hasira, kisha hasira ikamwisha. "Jumapili," akasema.

Ilikuwa siku ya tatu. Juu ya meza yake, mbele ya macho yake, zilikuwa karatasi mia za mwandiko wake, na mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, ulisema: kifua kikibana SASA, usingoje tarehe yako, nenda chumba cha dharura sasa hivi, maumivu ya kifua hayapangi foleni. Mganga hajigangi, walisema wahenga, nao hawakuwa wamemwona huyu.

Tulimlaza kitandani kwangu. Alikuwa amejipaka mafuta. Sijui nieleze vipi. Kibandiko cha kwanza kiliteleza, cha pili kikateleza, cha tatu kikanasa kwenye mkono wangu mwenyewe. Nilimfuta kifua kwa pamba na spiriti, na yeye, rangi imemtoka usoni, akanong'ona, "Usiseme neno." Sikusema. Nilipoiona karatasi inayotoka kwenye mashine, niliichana na kukimbilia kwa daktari.

Daktari alimuuliza habari za chumvi. Akasema hatumii kabisa. Mumewe alikuwa ameshapigiwa simu, akafika na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisikia jibu hilo, akafungua kinywa: "Anaongeza mezani." Na tulipomuuliza dawa, mzee yule alifungua mfuko wa plastiki aliokuja nao, akatoa dawa za presha zenye jina la mkewe, za miezi minane, paketi zote zimefungwa kama zilivyotoka kiwandani. Alikuwa amezikuta nyuma ya debe la unga. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Kumbe mimi ndiye nilikuwa namwambia kila mtu mke wangu anajitunza," akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Hilo ndilo lililomvunja Bi Mfuko. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, naye alikuwa akibishana nasi hadi dakika ile, lakini alipoona mgongo wa mumewe, alisema mbele yetu wote, "Niliogopa. Kumeza kidonge cha kwanza ni kukubali kwamba na mimi ni mgonjwa. Nimewaona wengi mno wakiingia kwa mlango huu."

Alikimbizwa hospitali kubwa mchana ule ule. Wakauzibua mshipa na kuweka kijibomba kidogo cha waya ndani yake ili usizibe tena. Wiki mbili za kwanza hatukujua kama atarudi. Mapokezi yalikaa na muuguzi wa muda, binti mstaarabu asiyeuliza kitu, na mimi nilikuwa nasikia kupitia ukutani watu wakisema "cheupe cha duara", nikatamani kulia.

Alirudi baada ya wiki tisa, amekonda, anatembea kwa hatua za bibi harusi. Siku ya kwanza alimwandikia mumewe ruhusa ya maandishi, akaibandika jikoni kwao, kwamba anaweza kumkagua vidonge kila asubuhi bila kugombezwa. Mzee anaitumia hadi leo, na nasikia amepitiliza. Kisha Bi Mfuko akachukua ile karatasi yake ya nusu ukurasa na kuongeza mstari chini: "Kama wewe ni muuguzi au daktari, tutakuuliza kila swali mara mbili."

Watu hudhani ugonjwa ule ulimlainisha. Ulimfanya mjanja zaidi. Zamani alikuwa anawakamata waongo. Tangu hapo anawatambua wenye hofu, nao ni wengi kuliko waongo, ila wote hudanganya kwa sauti moja. Jumatatu ya wiki iliyopita nilimwona kwa macho yangu. Mwalimu wa kike, makamo, alikuwa na namba kumi na nne. Namba kumi na mbili ilipoitwa alisimama, akatoka nje, akaanza kuelekea getini kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kuacha jiko linawaka. Hakuwa na karatasi, vipimo, wala maswali. Hiyo ilikuwa tarehe yake ya tatu, na mbili za kwanza hakutokea.

Bi Mfuko aliacha meza na foleni ya watu ishirini, akamfuata. Mimi nilitoka kwa kisingizio cha kutupa taka. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nje na yule mwalimu, sare nyeupe juu ya saruji yenye vumbi, yeye anayefuta kiti kabla ya kukikalia.

"Nikiingia," mwalimu alikuwa akisema, "wataniambia ninao. Mama yangu aliambiwa Jumatano, Ijumaa tukamzika. Nisipoingia bado niko mzima."

"Mwalimu, ugonjwa haungoji uujue ndipo uanze. Kama upo, upo hapa nasi kwenye ngazi. Tofauti ni kwamba huku nje hakuna dawa."

"Na kama haupo?"

"Basi utakuwa umenichafulia sare bure, na utaifua."

Mwalimu alicheka huku machozi yakimtoka. Walikaa kidogo. Bi Mfuko alimpa kalamu, akamwambia aandike nyuma ya kadi chochote anachokiogopa, kwani hayo ndiyo maswali. Akaandika manne. Nilimpima mwenyewe saa nne na robo, mapigo yanakimbia kama ya sungura. Moyo wake una kasoro ndogo ya mdundo inayotibika kwa kidonge kimoja kwa siku, na daktari alimwambia huenda ndiyo hiyo hiyo iliyomwondoa mama yake kwa sababu ilijulikana kwa kuchelewa. Alitoka, akasimama mbele ya mapokezi, akanyoosha kadi yake. Bi Mfuko alimpangia tarehe ya kurudi, akamwandikia kwa herufi kubwa, akaita namba kumi na tano.

Huyo ndiye tunayemuaga. Idara imemteulia mrithi, amemfundisha miezi mitatu, na binti huyo ameshaanza kunipigia kelele kupitia ukutani, kwa hiyo urithi umefika salama. Sherehe itafanyika ukumbi wa mikutano saa nane mchana. Dereva na mkewe watakuwepo. Hotuba zisizidi dakika tano. Ameahidi kumpima presha kila atakayezidisha, mbele ya watu.

Bi Mfuko, tunakushukuru kwa watu wote waliotoka kwa mlango ule kwa miguu yao, na wengi hawajui ni kwa nini. Tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba mgonjwa akificha kitu, mara nyingi ameficha kilio. Seremala wetu ametuambia amekutengenezea kiti kipana cha barazani, na kwamba ana wasiwasi kama utakikalia. Sisi hatuna wasiwasi, tunajua hutakikalia. Tunakutakia maisha mema na marefu, asubuhi zisizo na kengele, na moyo unaokwenda taratibu, tup, tup, tup, kama ulivyoonyesha kwenye mashine yangu Alhamisi iliyopita, mstari mzuri kuliko yote niliyochora mwaka huu.